Kufunzwa na Mama na Kufunzwa na Ulimwengu

Wahenga wetu walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii tumeikariri tangu utotoni, tumeiandikia insha shuleni, na tumewaonya nayo watoto wetu wenyewe. Lakini, kama ilivyo ada ya maneno yaliyozoeleka, aghalabu hatukuisikiliza sawasawa. Katika methali hiyo ulimwengu si tunu anayoahidiwa mtoto mwema, bali ni mwalimu mkali asiyelijua jina la mwanafunzi wake, afundishaye kwa kuumiza na asiyerudia somo. Mwalimu wa kwanza ni mama, na aliyemkosa huyo huangukia mikononi mwa yule wa pili.

Siku hizi maana hiyo imegeuka. Katika miji yetu mingi mzazi mwenye uwezo hutoa fedha nyingi ili mwanawe wa miaka mitatu au minne atolewe mapema miguuni pa mamaye, akafunzwe na ulimwengu. Shule ifanyayo kazi hiyo huitwa shule ya kimataifa, na jina hilo peke yake latosha kumfanya jirani anyamaze kwa heshima. Kilichokuwa adhabu kimekuwa zawadi. Katika makala haya twataka kuuliza swali ambalo ni la maadili kabla ya kuwa la elimu: mtoto mdogo ana haki ya kufunzwa nini kwanza, na je, kuna njia ya kumpa ulimwengu bila ya kumnyang'anya mama?

Hatutaliuliza swali hilo hewani. Tutaliuliza tukiwa Makambako na Njombe, mahali tunapopafahamu.

Makambako ni mji wa njia panda. Hapo ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inapotoa tawi la kwenda Njombe na Songea, na hapo ndipo reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, inapokutana na barabara hiyo. Mji uliozaliwa na njia hauwezi kuuchukia ulimwengu, kwa kuwa ulimwengu ndio uliouzaa. Kutoka hapo hadi Njombe ni kilometa zipatazo 60, na msafiri hupita katikati ya mashamba ya mahindi, viazi, parachichi na miti ya mbao, mpaka afike katika mji ulio karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambao mwezi wa Juni na wa Julai huamka umefunikwa na ukungu.

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai tulikuwa tumesimama kando ya barabara pale Makambako, tukisubiri gari la kutupeleka Njombe. Walipita watoto wawili ambao kwa kimo walilingana. Wa kwanza alikuwa akitembea pamoja na dada yake. Mkono mmoja ameshika kidumu cha maji, na mwingine ameuficha ndani ya sweta iliyotoboka kiwiko. Wa pili alikuwa akipandishwa katika basi dogo la shule, na mkoba wake ulikuwa mzito kiasi cha kubebwa na mtu mzima. Mtoto wa kidumu alimpungia mwenzake, na yule wa basini akampungia pia kupitia kioo. Bila shaka walikuwa wa mtaa mmoja. Basi likaondoka, na kila mmoja akaenda kwenye mtaala wake. Tukajiuliza: watapungiana mikono kwa miaka mingapi zaidi?

Kabla hatujaendelea, yafaa tuyaweke maneno mahali pake, kwa sababu mjadala wa shule hizi huharibika mara nyingi kwa kuita vitu mbalimbali kwa jina moja. Shule ya kimataifa, kwa maana yake hasa, ni shule iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wa watu wanaohama kutoka nchi hadi nchi. Ile ya Geneva, ambayo ni miongoni mwa za kwanza, ilianzishwa mwaka 1924 kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa na wa Shirika la Kazi Duniani. Kwetu sisi, Shule ya Kimataifa ya Tanganyika ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, na ile ya Moshi mwaka 1969. Shule za namna hii hufuata mitaala itokayo nje, kama vile ule wa Uingereza au ule wa Bakaloria ya Kimataifa, ambayo taasisi yake iliundwa Geneva mwaka 1968.

Aina ya pili ni shule za msingi za watu binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza. Hizi si za kimataifa kwa asili. Huandikishwa na Serikali yetu, hufuata mtaala wetu, na watoto wake hufanya mtihani wetu. Lugha ya kufundishia tu ndiyo tofauti. Ziliongezeka baada ya milango ya elimu kufunguliwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990, jambo lililothibitishwa na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995. Aina ya tatu ni shule za umma, zifundishazo kwa Kiswahili, ambako wamo watoto wengi wa nchi hii. Katika miji kama Makambako na Njombe, shule ambayo mtaani huitwa ya kimataifa aghalabu ni ya aina ya pili iliyovikwa jina la aina ya kwanza.

Tofauti hii si ya majina matupu. Hebu tuutazame mtaala wa shule za kimataifa hasa unavyosema juu ya watoto wadogo. Programu ya Bakaloria ya Kimataifa kwa watoto wa miaka mitatu hadi kumi na miwili ilianza mwaka 1997. Haianzi na orodha ya masomo. Huanza na mada kuu sita, ambazo mtoto huzirudia mwaka hadi mwaka kwa kina kinachozidi, na ya kwanza kati ya hizo ni hii: sisi ni nani. Hufuata mada ya mahali na wakati tulipo, ya namna tunavyojieleza, ya namna ulimwengu unavyofanya kazi, ya namna tunavyojipanga, na ya kuishi pamoja katika dunia moja. Mtoto hufundishwa kwa kucheza, kuchora, kujenga, na zaidi ya yote kwa kuuliza. Na kuhusu lugha, programu hiyo huzitaka shule zake ziitunze lugha ya nyumbani ya mtoto, kwa hoja kwamba lugha mpya hushika vizuri zaidi penye mizizi ya ile ya kwanza.

Basi lipo jambo la kustaajabisha. Mtaala wa kimataifa wenyewe humwanza mtoto kwa swali la yeye ni nani na wa wapi. Wale wanaouiga kwa jina humwanza kwa kumkataza kuwa yeye. Wameazima koti na kumwacha mwenye koti mlangoni.

Tusije tukadhaniwa kuwa twasema ya kusikia. Mjukuu wetu alipokuwa na umri wa miaka mitano alikuwa akisoma katika shule mojawapo ya namna hiyo, ambayo hatutaitaja. Wakati wa likizo ya mwezi wa Juni tulimpeleka kijijini, nje kidogo ya mji wa Njombe, kwa mama yetu mzazi, ambaye kwa mtoto huyo ni mama wa babu yake. Mama alikuwa ameketi karibu na moto jikoni. Akamsalimu kwa Kibena, "Kamwene." Mtoto hakujibu. Mama, akidhani kitukuu chake hakielewi, akahamia Kiswahili na kumuuliza hali. Mtoto akageuka kwanza, akatazama nyuma yake, mlangoni na dirishani, kisha akajibu kwa kunong'ona.

Tulimuuliza kwa nini ananong'ona. Akatueleza, kama mtu aelezaye jambo la kawaida, kwamba shuleni kwao anayesikika akisema Kiswahili huvishwa kibao shingoni, naye hukaa nacho mpaka amsikie mwenziwe akikosea, amvishe. Hakulalamika. Alikwisha kujifunza somo hilo barabara: kwamba kabla ya kuzungumza na bibi yake lazima atazame nyuma. Mtoto wa miaka mitano alikuwa amefundishwa mambo mawili kwa kibao kimoja, kuionea haya sauti ya nyumbani kwao na kumpeleleza rafiki yake.

Tukaanza kuwaka kwa hasira. Tulisema mengi juu ya shule hizo, juu ya utumwa wa mawazo, juu ya kazi kubwa iliyofanywa na taifa kuikuza lugha yake. Mama alitusikiliza mpaka tukamaliza, huku akisogeza kuni. Kisha akasema, "Baba, mbona wewe nawe ulirudi hivi hivi?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa miongoni mwa watoto walioingia darasa la kwanza katika miaka ile ya mwanzo ya Elimu ya Msingi kwa Wote, kampeni iliyotokana na Azimio la Musoma la mwaka 1974 na kutekelezwa tangu mwaka 1977. Tulifundishwa kwa Kiswahili, na twaishukuru nchi yetu kwa hilo mpaka leo. Lakini katika shule yetu aliyesikika akisema Kibena alichapwa. Tulichapwa, tukajifunza. Na tuliporudi nyumbani, mama aliposema nasi kwa Kibena, tulimjibu kwa Kiswahili ambacho wakati huo yeye alikijua kwa shida. Alihudhuria madarasa ya watu wazima jioni. Tulipata kudhani alikwenda kwa sababu ya kampeni. Siku hiyo jikoni ndipo tulipotambua kwamba huenda alikwenda ili aweze kusema na mwanawe.

Kwa muda mrefu tuliamini kwamba tatizo la shule hizi ni Kiingereza. Neno la mama lilitufunza kwamba tatizo lina mizizi mirefu zaidi. Kiswahili kilistahili kuwa lugha ya shule. Bila ya Kiswahili Mbena, Mkinga, Mpangwa na Mhehe wasingeketi dawati moja na Mzaramo au Msukuma na kuitana ndugu. Na uamuzi wa mwaka 1967 wa kukifanya lugha ya kufundishia katika shule za msingi ulikuwa uamuzi wa haki. Lakini haki hiyo haikuhitaji fimbo juu ya Kibena. Kiswahili kingeweza kuingia kama mgeni mwema aingiavyo, akakaribishwa, akaongezewa kiti. Sisi tulimwingiza kwa kumtoa mwenye nyumba. Leo Kiingereza kinaingia kwa mlango uleule na kwa desturi ileile, na Kiswahili ndicho kinachotolewa. Kibao alichovishwa mjukuu wetu kilichongwa zamani, nasi tulikuwapo kilipochongwa.

Kutokana na hayo twapata kipimo, na hiki ndicho kiini cha maneno yetu. Elimu ya mtoto mdogo isipimwe kwanza kwa lugha yake, wala kwa ada yake, wala kwa jina lililo getini. Ipimwe kwa swali moja: inamwongezea au inamnyang'anya? Shule imwongezeayo mtoto lugha ya pili hali ya kwanza ingali hai ni shule njema, iwe ya Makambako au ya Geneva. Shule imnyang'anyayo lugha ya kwanza ili impe ya pili imemkopesha kwa riba, na deni hilo halilipwi na mtoto peke yake. Hulipwa na bibi yake jikoni, ambaye amesalimu na hakujibiwa.

Hapa mzazi atatupinga, na pingamizi lake ni la haki kusikilizwa. Atasema: "Ninyi mwaimba Kiswahili, lakini mtoto wangu akifika kidato cha kwanza atakuta fizikia na jiografia kwa Kiingereza. Aliyetoka shule ya Kiswahili hukutana na ukuta; aliyetoka shule ya Kiingereza hukutana na mlango. Je, nimtoe mwanangu kafara kwa ajili ya utamaduni?" Mzazi huyu si mjinga wala si mtumwa. Amelitazama lango la shule ya sekondari jinsi lilivyo, akamtafutia mwanawe ufunguo wake. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilitamka nia ya Kiswahili kutumika katika ngazi zote za elimu, lakini lango la sekondari limebaki lilivyokuwa. Maadamu lango ni hilo, kumlaumu anayetafuta ufunguo ni kumwonea.

Tena yatupasa sisi watumishi wa umma tukiri jambo. Tumeandika barua kwa Kiswahili fasaha kuyasifu madarasa ya umma, na katika mfuko uleule wa koti tulikokunja nakala za barua hizo tumekunja pia risiti za ada za kwingine. Ada ya mjukuu wetu tuliichangia wenyewe. Hatulisemi hili kwa kujitukuza kwa toba, bali kwa sababu maonyo ya mtu asiyekiri hayana uzito. Na vijana mtakaoyasoma haya mna haki ya kujua kwamba anayewaandikia naye alisita penye njia panda.

Lakini hoja ya mzazi, japo ni ya kweli, haithibitishi kila kitu kinachotendwa kwa jina lake. Yathibitisha kwamba mtoto anahitaji Kiingereza kizuri. Haithibitishi kwamba anahitaji kibao shingoni. Mtoto wa miaka mitano ana uwezo wa kujifunza lugha mbili na hata tatu bila ya kuumizwa, nasi tunao ushahidi katika eneo letu wenyewe: pale stendi ya Makambako wamo watoto wa wachuuzi ambao humjibu mama kwa Kibena au Kikinga na kumwuzia abiria karanga kwa Kiswahili, bila ya kibao wala fimbo. Mwaka 1953 UNESCO ilitoa taarifa iliyoshauri kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha yake ya kwanza. Hilo si wazo la washairi wa Kiswahili peke yao.

Liko swali la pili, zito kuliko la lugha, nalo ni la usawa. Wakati wa ukoloni shule za Tanganyika ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia, na za Waafrika. Katika nyanda hizi za Kusini ilijengwa Iringa shule nzuri ya watoto wa Wazungu. Majengo yake baadaye yakawa Shule ya Sekondari ya Mkwawa, na tangu mwaka 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu. Baada ya uhuru mgawanyo ule wa rangi uliondolewa, na mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alionya juu ya elimu inayowatenga wachache na jamii iliyowalea. Ukuta wa rangi ulianguka. Je, hatujaujenga upya kwa tofali la ada? Watoto wawili tuliowaona Makambako hawakutenganishwa na rangi ya ngozi, wala na akili, kwa kuwa hakuna aliyezipima. Walitenganishwa na mfuko wa baba.

Wako watakaosema dawa ni kuzifunga shule hizo. Hatudhani hivyo. Kuuzima moto wa jirani hakuwashi wa kwako. Dawa ni kuchukua kilicho chema ndani yake na kumpelekea mtoto wa kidumu, maana mengi ya yale yauzwayo kwa bei kubwa hayakutoka kwa matajiri. Nyumba ya Watoto ya kwanza ya daktari Maria Montessori, ambaye jina lake leo limeandikwa juu ya malango ya shule nyingi za ghali, ilifunguliwa Januari 6, 1907, katika mtaa wa mafukara wa San Lorenzo mjini Rome, kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao walishinda kazini. Vifaa vyake vilikuwa vya mbao, shanga na vitambaa. Mkoa wa Njombe ni mkoa wa mbao. Ni aibu, wala si umaskini, darasa la awali kukaa sakafuni mahali ambapo malori ya mbao hupita usiku na mchana, na ambapo vipande vinavyotupwa na mafundi seremala vingetosha kuwafundisha watoto kuhesabu, kupanga na kujenga.

Wala kujifunza kwa kucheza si jambo geni kwetu. Kabla mtu hajatuletea jina lake, watoto wa nchi hii walifinyanga ng'ombe kwa udongo, wakatengeneza magari kwa mianzi, wakapika chakula cha mchanga katika vifuu na makopo, wakacheza baba na mama na kugawana kazi za nyumba. Jioni mtu mzima alisema "Kitendawili!", nao wakajibu "Tega!", na hapo akili zilinolewa kuliko kwa majedwali mengi. Hata majina tuliyoipa elimu hii yanaonyesha safari yetu. Watu waliziita shule za vidudu, kwa utani wenye mapenzi ndani yake. Kisha neno chekechea likaenea. Na Serikali ikaiita elimu ya awali, ikaifanya sehemu ya mfumo rasmi kwa Sera ya mwaka 1995. Kidudu amekuwa mwanafunzi. Hayo ni maendeleo, mradi tusisahau kwamba kidudu alikuwa na ruhusa ya kucheza.

Hata hivyo, tusiipambe elimu ya kale kupita kiasi. Ilikuwa na kasoro yake kubwa, nayo ni kwamba mtoto hakuruhusiwa kumhoji mkubwa. Kitendawili kilikuwa na jibu moja, na aliyelijua alikuwa mzee. Mtoto aliyeuliza kwa nini aliambiwa ana mdomo mrefu, na shule zetu nyingi zilirithi tabia hiyo: mwalimu huuliza, darasa hujibu kwa pamoja, na asiyejua hupaza sauti zaidi ili asigundulike. Hapa mtaala wa kimataifa una la kutufunza. Umemfanya mtoto kuwa muulizaji. Tukikubali kuchukua jambo moja tu kutoka kwake, na tuchukue hilo, kwa sababu haligharimu fedha. Linagharimu unyenyekevu wa mwalimu na wa mzazi.

Lakini hata kuuliza kwataka mwili. Na hapa lazima tuseme jambo lenye kuumiza. Njombe ni mkoa wa chakula; mahindi na viazi vyake hulisha miji ya mbali. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa huu watoto wapatao 50 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, hali wastani wa nchi nzima ni 30. Wamedumaa kandokando ya mashamba yaliyojaa. Magunia ya viazi hupakiwa malorini huku uji wa mtoto ukibaki unga na maji. Mama yuko shambani tangu alfajiri mpaka jioni, na mtoto huachwa na mtoto mwenziwe au na bibi aliyechoka. Wamo pia watoto wengi waliofiwa na wazazi, kwa kuwa UKIMWI umeupiga mkoa huu kwa ukali kuliko mingi, na kwao bibi ndiye mama, ndiye mtaala, ndiye ada.

Akili ya mtoto hujengwa zaidi katika miaka ile ambayo bado hajavaa sare. Kwa hiyo mabishano yetu juu ya Kiswahili na Kiingereza, japo ni ya lazima, yana hatari ya kuwa mabishano juu ya paa la nyumba isiyo na msingi. Mtaala wa kwanza wa mtoto ni uji wenye karanga, yai na mboga. Wa pili ni mtu mzima mwenye nafasi ya kusema naye. Wa tatu ndio ule wa vitabuni. Mtaala mpya wa taifa ulioanza kutumika mwaka 2024, na Sera iliyozinduliwa mwanzoni mwa mwaka 2025 ambayo inaweka miaka 10 ya elimu ya lazima, ni hatua ya kuheshimiwa. Lakini hakuna sera iwezayo kurudisha mwaka wa tatu wa maisha ya mtoto ukishapita bila ya chakula.

Sasa turudi kwenye methali yetu. Je, mtoto afunzwe na mamaye au na ulimwengu? Tumefikia kuamini kwamba swali hilo limeulizwa vibaya. Wahenga hawakusema ulimwengu usifunze. Walisema utamfunza vibaya yule ambaye hakufunzwa kwanza na mama. Maana yake ni kwamba aliyefunzwa na mama aweza kukutana na ulimwengu bila ya kuumizwa nao, akauchagua, akaukubali penye heri na kuukataa penye shari. Mama si adui wa ulimwengu. Mama ndiye mlango wake. Anayemwingiza mtoto ulimwenguni kwa kuvunja ukuta badala ya kupita mlangoni hampi ulimwengu, bali humpa kifusi.

Ndugu mwalimu, wewe uliye na watoto themanini katika chumba kimoja huko Makambako, na wewe uliye na ishirini katika darasa lenye mazulia, kazi yenu ni moja. Mtoto akija kwako na lugha, hiyo ni mali yake ya kwanza. Usimfilisi ili umtajirishe. Mpe Kiswahili, mpe Kiingereza, mpe na Kifaransa ukiweza, lakini kila umpacho kikae kando ya alichokuja nacho. Na wewe mwanafunzi wa sekondari, unayesoma makala haya kwa Kiswahili na kesho utafanya mtihani kwa Kiingereza, jaribu jambo dogo jioni ya leo au likizo ijayo: msalimu bibi yako kwa lugha aliyomlelea baba yako au mama yako, na ukosee mbele yake bila ya haya. Atacheka, kisha atakusahihisha. Hapo utakuwa umefunzwa.

Mjukuu wetu sasa yuko shule nyingine. Anasoma Kiingereza kwa bidii, nasi twafurahi. Likizo iliyopita alikwenda kijijini, akasimama mlangoni pa jiko, akasema "Kamwene" kwa lafudhi ambayo Mbena yeyote angeicheka. Mama yetu alimjibu. Ila tulimwona mtoto, kabla hajalitamka neno lile, akitazama nyuma yake kidogo. Kulisahau kibao kunataka muda mrefu kuliko kukivaa, na muda huo ndio deni letu kwake.